Kanda ya Fuvu na Jina la Esteria

Ukipita Somanda, mjini Bariadi, karibu na pale bodaboda wanapogombania abiria, utaona kibanda cha mabati chenye maandishi ya bluu yaliyopauka: FUNDI MAIGE, TUNAREKODI, TUNAINGIZA NYIMBO KWENYE MEMORI KADI. Mpelekee simu, redio, flashi, chochote kile, atakupokea kwa heshima zote. Lakini mwambie, "Fundi, nakuachia kanda yangu hii, nitaipitia kesho," utamwona anarudisha mikono nyuma kama mtoto aliyeonywa chungu cha moto. Haachiwi kanda. Ukitaka akunakilie, utakaa kwenye benchi lake mpaka amalize, kanda yako ukiiona kwa macho yako. Vijana wanamcheka, wanasema mzee ana masharti ya waganga. Wazee waliobeba magunia jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba, hawacheki, maana wanajua masharti hayo yalikotoka. Nitayasimulia mimi, kwa sababu Maige mwenyewe akianza huishia katikati.

Alizaliwa Lalago. Baba yake alipofariki, mama akamchukua wakahamia kwa kaka yake, Luhende, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Bariadi. Huyu Luhende alikuwa ningi, yaani yule anayetangulia mbele ya kundi la wakulima akiimba, ili majembe thelathini yapande na kushuka kwa pamoja. Shambani alikuwa na maneno ya kumchekesha mgonjwa. Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa, anakula kimya, anaondoka kimya. Binti yake wa pekee, Esteria, alimpikia, akamlimia, akamchungia ng'ombe pale ambapo hapakuwa na mtoto wa kiume wa kuchunga, na hakuwahi kusikia kwa baba yake neno jema hata moja. Neno baya pia hakulisikia, tuseme ukweli. Hakusikia neno.

Maige naye jembe lilimkataa mapema. Matuta yake yalipinda mpaka watu wakamuuliza kama analima au anamfukuza nyoka. Lakini mpe redio iliyonyamaza wiki nzima, ataifungua, ataipuliza vumbi, na jioni ile ile itasoma habari. Luhende akamwambia, "Nenda mjini na vyuma vyako, mwanangu. Hapa unatuharibia shamba." Akaenda, akapanga kibanda Somanda.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa tisini, mjomba akamtumia ujumbe: njoo unirekodi, kifua kimeanza kuniuma. Maige akaazima redio-kaseti ya mwalimu mmoja, akanunua kanda mpya ya dakika sitini na betri sita, akafika shambani kabla ya jua kuwa kali. Wakulima walikuwa wamejipanga, ngoma zimewekwa pembeni. Esteria hakuwepo, alikuwa nyumbani anawapikia watu wote hao. Maige akachuchumaa kwenye tuta, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na macho yake yakaganda kwenye taa ndogo nyekundu. Taa ikiwaka vizuri, sauti inaingia; ikififia, betri zinakwisha. Kwa saa nzima alitazama taa ile kama mama anayetazama maziwa yasimwagike. Luhende akaanza kama maningi wanavyoanza, akajitaja yeye ni nani na mwana wa nani, kisha akamtaja binti yake, akasema jambo juu yake, na watu thelathini wakaitikia. Halafu ndipo akaingia kwenye nyimbo zenyewe.

Walipomaliza, betri zilikuwa zinakata roho. Wakajaribu kipande kidogo tu cha mwisho, watu wakacheka kujisikia wakihema. Luhende akakataa kuendelea. "Mtu anayekaa kusikiliza sauti yake mwenyewe, huyo hana kazi," alisema. "Nikifa mtasikiliza." Maige akavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Wasiojua, vijino vile ndivyo vinavyoruhusu kurekodi. Vikishavunjwa, kitufe chekundu hakishuki hata ukikikalia. "Mjomba," alijigamba, "sasa hata mimi siwezi kuifuta." Mzee akaifunga kwenye kitambaa, akaitia ndani ya debe la mbegu, na huko ikakaa miaka mitano.

Katika miaka hiyo mambo yakageuka. Pamba iliyokuwa na mnunuzi mmoja tangu tupate akili, ghafla ikapata wanunuzi kumi. Likaja neno soko huria, na kila mtu akalitumia anavyotaka. Bei ikipanda, soko huria. Mke akiondoka, soko huria. Ikajengwa jinari ya mtu binafsi nje ya mji, na sokoni mitumba ikashushwa marobota kwa marobota. Violeth, muuza mitumba, ndiye aliyemuuzia Salu koti la ngozi jeusi. Salu alikuwa kiongozi wa wabeba magunia wa jinari ile, mtu mkubwa mwenye shingo ya fahali. Alipolivaa akahisi kitu kinamchoma ubavuni. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa kanda.

Jaladani palikuwa na fuvu la ng'ombe lililovaa shati na tai, limekaa mezani kama bwana mkubwa, na watu wengi wadogo wamelizunguka mikono juu. Usukumani ukichora fuvu la ng'ombe umeshapata wasikilizaji. Wakaipeleka kwa Maige aijaribu. Nyimbo zilikuwa ishirini na moja, na zote zilikwisha ndani ya dakika ishirini na tisa. Maige alizipima mara mbili akidhani saa yake imesimama. Waimbaji walikuwa Wazungu, lugha ilikuwa Kiingereza, na kasi yake ilikuwa ya mtu anayefukuzwa na nyuki.

Thomasi, mwimba kwaya wa kanisani na mbeba magunia, alisema hao ni mashetani wamefungiwa ndani ya debe. Ulipofika wimbo wa nne mguu wake ulikuwa unatikisika. Walipomuuliza, akasema ni mbu.

Msinicheke nikisema wale watu waliielewa kanda ile kuliko wengi walioisikia huko ilikotoka. Magitaa yalinguruma kama misumeno ya jinari pamba mbichi ikiingia. Ngoma ilikwenda mbio, halafu ghafla ikazidisha, kama ningi anapoona mvua inakuja kutoka upande wa ziwani na ekari haijaisha. Na kilichowamaliza kabisa kilikuwa kuitikia. Mtu mmoja anabwata, kisha kundi zima linajibu kwa pamoja, sauti hazijapangwa, hazijafundishwa, ni sauti za watu wenye mzigo mabegani. Kuitikia kwa namna hiyo wanakujua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Majina ya nyimbo hawakuweza kuyatamka, wakayapa namba. Kukawa na wa Namba Saba na wa Namba Kumi na Nne, nao walibishana mpaka chakula kikapoa. Mmoja akalichora fuvu na tai yake kwa mkaa kwenye ukuta wa jinari, na msimamizi alipotaka lifutwe, wakamwomba aangalie kwanza kazi inavyokwenda. Maana waligundua kwamba wimbo mmoja unatosha gunia moja. Unanyanyua gunia kwenye mizani wimbo ukianza, unapanda ubao, unalitupa juu ya lundo, na wote mnaitikia kwa kelele wimbo ukikatika. Lundo lilipanda kuliko jinari zote za jirani.

Katika mambo hayo Maige akapata cheo ambacho hakuwahi kuwa nacho shambani kwa mjomba wake. Alikuwa na sikio. Aliisikiliza kanda ile mchana kutwa kibandani mpaka akaishika yote kichwani, namba moja hadi ishirini na moja, bila kuelewa neno hata moja. Betri zikiisha jinari, wanamwita. Anasimama juu ya gunia, anafumba macho, anabwata albamu nzima, na wabeba magunia wanamwitikia. "Fundi ana kichwa!" walisema. Mtu aliyekuwa akichekwa kwa matuta yaliyopinda sasa alikuwa ningi wa namna yake. Utamu huo ulimwingia, na ndio uliompoteza.

Mwezi wa saba Luhende akafa. Siku tatu baada ya maziko, Esteria alikuja kibandani na kifurushi cha kitambaa.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka, dada. Pole tena."

"Nimeshapoa." Akafungua kitambaa. "Baba alinipa hii kabla hajazima. Aliniambia mwanzoni kabisa amenitaja. Mimi, kwa jina. Akasema, nenda ukasikilize nilichosema." Akakunja kitambaa. "Lakini nyumba bado ina msiba, wimbo hausikilizwi. Na nyumbani watoto wa wageni wanagusa kila kitu. Kaa nayo wewe. Ninakilie nyingine, nikishaondoa matanga nitakuja niisikilize hapa hapa."

Maige alikuwa na bisibisi mdomoni na redio iliyopasuliwa mapajani. Alisema, "Mm." Akaipokea kanda, akaandika juu yake LUHENDE kwa kalamu, akaiweka kwenye rafu. Yale maneno aliyasikia. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba aliyasikia yote, neno kwa neno, ila hayakumkaa.

Wiki iliyofuata Salu akapata safari. Alikuwa anaondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na kanda ni yake, inaondoka naye. Lori lilikuwa linatoka saa nne asubuhi. Saa mbili unusu wabeba magunia kumi na watano walijaa mbele ya kibanda, Salu katikati na koti lake.

"Fundi, tunakilie. Bila Fuvu hatubebi."

"Leteni kanda tupu."

Kanda tupu hazikuwepo. Ulikuwa msimu wa pamba, kila mtu alikuwa na redio mpya, maduka yalikuwa yamekaushwa tangu juzi. Maige akageukia rafu yake. Palikuwa na kanda za wateja, na kanda za wateja hazirekodiwi juu, hata mtoto wa fundi anajua. Halafu palikuwa na ile yenye mwandiko wake. Hiyo ni ya nyumbani, alijiambia. Akajiambia na mengine. Fuvu ni fupi, litakula nusu tu ya kila upande, nyimbo nyingi za mjomba zitabaki. Atanakili zilizobaki mapema, kabla ya matanga. Na mwanzo wa nyimbo za jembe una nini? Majina tu.

"Fundi unaweza!" Salu alisema. "Wewe hushindwi."

Akaishika. Vile vijino alikuwa amevivunja mwenyewe, matundu mawili yalimtazama. Dawa ya matundu hayo mafundi wote wa Bariadi wanaijua, na Bariadi haikosekani. Bega la Salu lilikuwa limejaa nyuzi za pamba ya jinari. Maige akachomoa kidogo, akaisokota kwa mate mpaka ikawa ngumu, akaziba tundu la kwanza, akaziba la pili. Kitufe chekundu kikashuka.

Maji yakishamwagika hayazoleki. Saa nne lori likaondoka na Salu, na kanda mpya ya Fuvu ikaenda jinari kwa shangwe, karatasi jipya limebandikwa juu ya jina la Luhende. Maige akakaa peke yake kibandani akiangalia pengo kwenye rafu, na moyo ukaanza kumwambia alichofanya. Akawa anajiahidi kila siku kwamba kesho ataifuata kanda jinari. Kesho ikifika anaona haya kuwanyang'anya watu furaha yao.

Siku moja Thomasi akaja mbio.

"Fundi, upande wa kwanza ukiisha, Namba Kumi na Moja ikikatika, anatokea mzee! Anaimba Kisukuma! Hawa Wazungu wamempata wapi?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana kabisa. Angesema: huyo ni mjomba wangu, nimekosea, nirudishieni. Badala yake akacheka.

"Siku hizi soko huria, Thomasi. Kila kitu kinachanganywa."

Wakaamini. Na si kwamba waliamini tu, walipenda. Upande wa pili nao ulipoisha mzee alitokea tena, akawa wimbo wa ishirini na mbili, na ubishi wa Namba Saba na Namba Kumi na Nne ukaisha, maana wote walihamia kwa mzee. Walisema Wazungu wale walikuwa na akili sana kumweka mwisho, mwili ukiwa umeshachemka.

Esteria alipokuja baada ya matanga, alikuwa amepaka mafuta na kuvaa kanga mpya. Alikuja na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Akakaa kwenye benchi, akakunja mikono mapajani kama mtu aliyefika kanisani mapema.

"Nimekuja kusikiliza," alisema.

Maige akamwambia redio imeikula kanda. Imeinyonya, imeikatakata, haikufaa.

Esteria akaangalia rafu, akaangalia meza. Kisha akauliza, "Vipande viko wapi? Nipe hivyo vipande."

"Nilivichoma, dada. Niliona haya."

Hilo la haya lilikuwa neno la kweli pekee aliloliongea siku hiyo. Esteria akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Halafu, na hapa ndipo Maige akisimulia huwa anaishia, akamfariji. "Usijilaumu sana, kaka. Kazi ina ajali zake. Bila wewe hata isingekuwepo. Wabeja, asante." Akamwachia kikapu. Maige alikula michembe ile kwa wiki mbili kwa sababu kuitupa ilikuwa dhambi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya Bariadi hupasuka kila kiangazi, lakini siku hiyo haikumfanyia fadhila.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Maige iliishia kwenye mizani ya jinari. Mwishoni mwa mwezi wa nane Esteria alileta pamba yake kwa mkokoteni wa ng'ombe. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, redio ya wabeba magunia imening'inizwa kwenye msumari chini ya lile fuvu la mkaa. Zile kelele hazikumshughulisha. Kisha Namba Kumi na Moja ikakatika, kukawa na mkwaruzo mdogo, na baba yake akatokea katikati ya neno, akiimba juu ya dume la madoa lililokataa nira siku ya kwanza ya mvua.

Esteria akaachia kamba ya ng'ombe.

"Huyo ni nani?" alimuuliza Thomasi.

"Mzee? Hatumjui, mama. Ndiye anayefunga upande wa kwanza. Mtamu huyo! Fundi wetu anasema Wazungu walimchanganya humo."

"Rudisheni mwanzo."

Thomasi akafurahi. Akaitoa kanda, akaizungusha kwa kalamu ili kubana betri, akaiweka tena, akaongeza sauti. Esteria akasimama mbele ya redio na kusikiliza kanda ya Fuvu tangu wimbo wa kwanza. Hakusogea. Kila wimbo ulipokatika aliinua uso, na mwingine ulipoanza aliushusha. Wabeba magunia walitazamana kwa kiburi. Hawakuwahi kuona mama wa makamo anayesikiliza Namba Saba kwa heshima kiasi kile. Dakika kumi na tano alisubiri jina lake. Namba Kumi na Moja ikakatika, mkwaruzo, na baba yake akatokea pale pale, katikati ya neno lile lile.

Akaomba aione. Akaigeuza mkononi. Chini ya karatasi jipya, pembeni, herufi mbili za LUHENDE zilikuwa zimechungulia.

"Na hii pamba hapa mgongoni ni ya nini?"

"Hiyo ndiyo inayoruhusu kufuta, mama," Thomasi alieleza kwa moyo mkunjufu. "Fundi aliziba mwenyewe, tukiangalia. Yule ana mikono!"

Esteria akachomoa kibanio kichwani, akavitoa vile vidonge viwili vya pamba kimoja kimoja, akavifunga kwenye ncha ya kanga. Alimwachia jirani yake zamu na ng'ombe. Thomasi na wenzake watatu wakamfuata, bado hawajui wanafuata nini.

Maige aliwaona tangu mbali. Aliona kanda mkononi mwa Esteria, akakaa. Esteria akaingia, akafungua ncha ya kanga, akaweka vidonge viwili vya pamba mezani.

"Redio yako, kaka, inakula kanda na kutapika pamba?"

Maige hakuweza kuinua uso. Kwa sauti ya chini akasema yote: Salu, lori, rafu, majina tu. Thomasi alipoelewa mzee wa wimbo wa ishirini na mbili ni nani, akavua kofia.

"Sikuja kugombana," Esteria alisema. "Nina neno moja. Siku ile mimi nilikuwa jikoni. Wewe ulikuwepo, ulichuchumaa mbele yake. Baada ya kunitaja, alisema nini?"

Maige akaangalia vile vidonge vya pamba.

"Mwambie, Fundi," Thomasi alisema, na alikuwa anataka kumsaidia, Mungu shahidi. "Wewe hujawahi kusahau wimbo. Mama, huyu ameshika zote ishirini na moja, na Kiingereza hajui. Anashindwaje Kisukuma? Mwambie tu."

Maige akafumba macho kama alivyofanya juu ya gunia. Nyimbo ishirini na moja zikaja mbio, zimepangana, tayari kutoka. Akazisukuma pembeni. Akaliona shamba, tuta, miguu ya mjomba yenye udongo, jembe likipanda. Akaiona taa nyekundu, akaiona vizuri sana, inavyowaka na kufifia. Midomo ya mjomba ilisogea bila sauti. Akarudia tangu mwanzo. Taa tena.

"Sikumbuki," alisema. "Nilikuwa naangalia taa."

Esteria akachukua kanda, vile vidonge akaviacha pale pale mezani, akarudi kwenye foleni yake ya pamba.

Maige alifunga kibanda wiki mbili, akapanda baiskeli kuwatafuta waliolima siku ile. Mpiga ngoma alikuwa amehamia Lalago, akasema mzee aliimba kwamba Esteria jembe lake halilali. Mwingine alikuwa na duka Binza, kule Maswa, akaapa kwamba mzee alisema binti ana mikono ya marehemu mama yake. Wa tatu alisema mzee hakumtaja mtu siku ile. Maige akampelekea Esteria majibu yote matatu, amesimama uani kama mtu aliyeleta posa mbovu. Esteria akayasikiliza.

"Na wewe?"

"Mimi bado, dada."

Kanda akabaki nayo Esteria. Alinunua redio, na watu wa kijiji walishangaa kusikia makelele yale kutoka kwa mama mkulima. Hakuipeleka mbele kuyaruka, aliogopa kuikata. Kumfikia baba yake ilibidi apite kwa Wazungu kumi na mmoja kila mara, na wajukuu wake wanasema siku hizi akipepeta mpunga huitikia Namba Saba.

Wabeba magunia wamezeeka. Mwaka juzi kijana mmoja alimpatia Maige albamu ile ya Fuvu kutoka kwenye mtandao, nzima, safi, haina mkwaruzo. Thomasi alikuja na memori kadi, akaingiziwa, akasikiliza benchini mpaka wimbo wa ishirini na moja ukakatika. Akasubiri.

"Hii haijakamilika," alisema. "Mzee yuko wapi?" Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaangalia chini, akaaga.

Wapo waliomshauri Maige kwa nia njema. Tunga mstari, walimwambia. Wewe umelelewa na ningi, unajua maningi wanavyosema. Mtungie neno moja tamu juu ya jina lake, mama yule azeeke kwa amani. Ataamini. Kweli angeamini. Maige aliwahi hata kuutunga, ukawa mzuri, wenye mvua na jembe na jina lake katikati. Akaupeleka mpaka mlangoni kwa Esteria, akarudi nao.

Hukutana sokoni, misibani, harusini. Esteria humwamkia kama ndugu, humuuliza habari za nyumbani na za wajukuu, kisha husogea karibu kidogo ili watu wasisikie.

"Umekumbuka?"

"Bado, dada."

"Haya," husema, na kuendelea na njia yake.